Tofali la Kila Mwaka

Fundi viatu alikuwa amefumba macho ndani ya basi akitafuta usingizi, lakini watu wawili wa kiti cha mbele hawakumpa nafasi. Mmoja alikuwa mwoka mikate, unga bado umemganda kwenye nyusi. Mwenzake alikuwa mwashi, mwiko wake mapajani. Walikuwa wamekutana humo humo, na tayari walikuwa wakizozana kama mke na wifi.

"Eti tabianchi inabadilika, niache kuni, ninunue tanuri la umeme, kisha nihame bondeni!" mwoka alifoka. "Hewa wachafue wenye viwanda, gharama nibebe mimi?"

"Hilo umesema kweli, kaka. Ila mafuriko yakija, maji yanaingia kwa nani?" mwashi akauliza.

"Kwangu hayaingii. Kila mwaka naongeza tofali moja kizingitini."

"Yamefika mangapi?"

"Saba." Akapapasa nundu kwenye paji la uso. "Siku hizi naingia kwa kuruka na kuinama."

Fundi viatu akashusha pumzi. Kizingiti kinapanda kila mwaka, juu ya mlango pako palepale, na mtu mzima anajisifu!

"Sasa mwaka wa kumi utapitia dirishani?" mwashi akauliza.

"Ya kesho anayajua Mungu. Haraka ya nini?"

Basi likasimama ghafla. Mbele yao barabara ilikuwa imemezwa na maji, na injini ikazimika yenyewe.

"Tutulie," mwoka akasema. "Yatapungua tu."

Maji yakapenya chini ya mlango, yakamlowesha fundi viatu vidole. Hapo uvumilivu ukamwisha.

"Kaka," akamwinamia mwoka, "na hapa tofali tunaliweka wapi?"