Maisha ya Thawin Ruangdet, Fundi wa Miguu ya Ndege Ndogo

Waheshimiwa watawa, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Phayuha Khiri na wanachama wa klabu ya ndege za rimoti, mimi ni Prawet, mdogo wake mke wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu kabla mwili wake haujachomwa saa kumi, basi naomba mnivumilie.

Marehemu Thawin Ruangdet alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, hapa hapa Phayuha Khiri, mkoani Nakhon Sawan, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Chuea na Bi Thongbai, wakulima wa mpunga, na kwa kuwa alitoka tumboni na miguu mirefu mama yake alimwita Chura, jina ambalo wazee waliopo hapa hawajaliacha mpaka leo. Alisoma shule ya msingi ya hekaluni kuanzia 1965, akaendelea na sekondari, na mwaka 1978 akamaliza chuo cha ufundi mjini akiwa na cheti cha mitambo, kisha akatengeneza pampu za maji ya mashambani katika karakana ya watu kwa miaka kumi na minane, hadi mwaka 1996 alipofungua yake mwenyewe chini ya nyumba.

Tarehe 12 Februari 1989 alifunga ndoa na dada yangu Lamduan, wakajaliwa watoto wawili, Anchali mwaka 1990 na Phumin mwaka 1994, na mwaka huohuo wa 1994, wazazi wetu walipofariki, nilihamia kwao nikiwa na miaka tisa na begi moja, na tangu siku hiyo sijawahi kusikia katika nyumba ile neno la kunikumbusha kwamba mimi ni wa kuja.

Ndege ndogo zilimfuata zenyewe mwaka 1999, mteja mmoja alipoleta ya kwake ikiwa na miguu ya waya iliyopinda kama kulabu, kwa sababu miguu ya kiwandani hutengenezwa kwa ajili ya lami, na sisi tunarushia kwenye mashamba yaliyovunwa, penye visiki vya mpunga na udongo uliopasuka. Marehemu aliitupa ile waya, akakunja miguu ya bati la alumini, akaitia springi na matairi mapana ya sponji, akaisogeza mbele upana wa kidole ili ndege isichimbe kwa pua, na mwisho akaifunga kwa boliti za nailoni, mbili kila mguu, na hizo boliti ndizo zilizomletea utani wa kila Jumapili.

“Chura, hizi umezing'oa kwenye ndoo ya kuogea?” walikuwa wakimuuliza.

“Ikikatika nakupa nyingine bure,” alikuwa akijibu, “bawa utalipata wapi? Ndege ikitua vibaya lazima kitu kikatike, bwana. Chagua wewe kikatike kipi.”

Hadi mwisho wa mwaka 2011 miguu yake ilikuwa kwenye ndege zaidi ya sabini, na jina lake lilikuwa limeandikwa juu kabisa kwenye ubao wa klabu. Hapa karatasi niliyopewa na familia inasema kwamba mwaka 2012 marehemu aliacha kazi hiyo kwa sababu ya macho. Macho yake yalikuwa mazima, na sentensi hiyo siwezi kuisoma mbele ya jeneza lake kana kwamba ni kweli. Dada Lamduan, nakuona unanipungia mkono nikae, naomba radhi, sikai bado.

Jumamosi tarehe 14 Januari 2012, Siku ya Watoto, klabu ilifanya maonyesho, na ndege kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwenyekiti, Bwana Kamron, yenye mabawa ya karibu mita tatu, juu ya miguu ya marehemu. Alhamisi iliyotangulia, katika mazoezi, boliti za nailoni zilikatika mbele ya wageni, ndege ikateleza kwa tumbo bila hata mkwaruzo, yaani zilifanya kazi yake sawasawa, lakini wageni walicheka, na mimi niliona aibu, nikaona anachekwa mtu aliyenilea. Asubuhi ya Jumamosi, kabla hajafika uwanjani, nilifungua boliti zote nne, nikaweka za chuma, na vichwa vyake nikavipaka rangi nyeupe ili asigundue. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikijifunza ufundi wa ndege za kweli, nikingoja mtihani wa kuajiriwa, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba boliti haiguswi bila kuandikwa na bila kusemwa.

Ndege ilitua na upepo wa ubavuni, gurudumu la kulia likaingia kwenye ufa, na pale ambapo nailoni ingekatika chuma kilishika, mguu ukang'oa bawa, na ndege ikapinduka na kukimbilia kwenye kamba ya watazamaji injini ikiwa bado inanguruma. Nyuma ya kamba walikuwa watoto wa darasa la kwanza wenye maputo. Kati yao na ndege alikuwa Mwalimu Bunlert peke yake, na hakukimbia, alisogea mbele akaizuia kwa mwili wake, na panga la injini likamvunja goti ambalo leo limemleta hapa kwa fimbo.

“Nani kafunga miguu hii?” Bwana Kamron alipiga kelele.

Marehemu alikuwa amepiga magoti penye mabaki na boliti moja mkononi, nilimwona akiikwangua rangi kwa ukucha, akaona chuma, akainua macho akanitazama, nami nikatazama chini.

“Mimi,” alisema. “Miguu ni yangu, nimefunga mimi.”

Ndipo jina lake likafutwa ubaoni, wateja wakarudisha miguu, mmoja akaitupa getini bila hata salamu, naye akashusha kibao chake akarudi kwenye pampu, na uwanjani hakukanyaga tena hadi kufa. Asubuhi iliyofuata, mezani, sikugusa chakula, akanisogezea bakuli la uji wa wali, akasema, “Kula, mtihani wako ni wiki ijayo.” Nikala. Barua ya kunidhamini aliandika Bwana Kamron huyuhuyu, nikaajiriwa, na leo nasimamia mafundi kumi na wanane, nawafundisha kuandika kila boliti. Meneja wangu, Bwana Decha, ameketi safu ya tatu: bwana, Jumatatu nitakuja ofisini kwako na haya yote nikiwa nimeyaandika, kabla hujaniita, uamue utakavyoona.

Marehemu aligundulika na saratani ya ini tarehe 9 Mei 2024, akatibiwa hospitali ya mkoa kwa miezi minne, na tarehe 17 Septemba, nikimgeuza kitandani, nilijikaza nikaanza, “Shemeji, zile boliti…”

“Usiniambie mimi,” alisema. “Mimi nilikuwepo.”

Alifariki nyumbani tarehe 21 Septemba 2024, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha mke, watoto wawili na mjukuu mmoja. Nimewaambia ninyi, kwa kuwa ninyi hamkuwepo, au mlikuwepo na hamkuona. Bwana Kamron, ubao ni wa klabu na uamuzi ni wenu. Mwalimu Bunlert, goti lako nimelivunja mimi, na sikuombi unijibu leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika siku zote tatu, mafundi wenzake wa pampu, na wewe Mwalimu, ambaye siku ya pili baada ya kutoka hospitalini ulikuja kumpa pole marehemu, nami ndiye niliyekufungulia mlango.

Shemeji Thawin, miguu yako haikuwa na kosa. Pumzika sasa kwa amani ambayo mimi nilikunyima miaka kumi na miwili.