Stendi Ndefu za Baba Mkwe

Ndani ya treni ya Osaka, Mzee Okabe alijifanya amesinzia ili asikie vizuri mazungumzo ya abiria. Mbele yake kijana alikuwa amekumbatia stendi mbili ndefu za chuma, na mama aliyeketi kando ya kijana huyo alishindwa kujizuia.

"Mwanangu, hizo ni za spika au za taa za barabarani?"

"Za spika, mama. Lazima spika ziwe usawa wa masikio. Leo baba mkwe anakuja kuangalia filamu."

"Na kwako mkitazama filamu mnakaa wapi?"

"Chini, kwenye mikeka, kama watu wote." Kijana akazitazama stendi zake. Akaketi palepale sakafuni, katikati ya abiria, akajipima. Stendi zilimpita kichwa.

Mama akacheka hadi vitunguu vikamwagika kutoka kapuni mwake. "Sauti yote itamwendea jirani wa juu! Karudishe."

"Sirudishi ng'o! Nitanunua viti."

"Viti! Mzee wa watu kakaa chini maisha yake yote, leo umpandishe kitini kwa ajili ya spika?"

Treni ikasimama, kijana akashuka na stendi zake. Okabe akafumbua macho, akajiinua kwa magoti yaliyochoshwa na mikeka, akachungulia mlangoni.

"We kijana! Hivyo viti utanunua duka gani?"