Mbuzi Niliyemsingizia

Tumsifu Bwana, ndugu zangu! Msinione nimenawiri hivi mkadhani ni siku zote. Mimi Mama Furaha, muuza maharage wa hapa Bwera, niliwahi kula ukuta wa jiko langu!

Msicheke kwanza. Ilikuwa miaka ya sitini, tumetoka Beni, kule Kongo, juzijuzi. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa amekufa. Mimba ya pili ilipoingia nikaanza kutamani udongo. Mvua ikinyesha, ukuta ukinukia, mate yananijaa! Nikawa naubandua kidogo kidogo. Chakula changu kilikuwa ugali wa muhogo na chai tu, maharage yote napeleka sokoni. Malaria haikunipa nafasi. Shambani nilikwenda pekupeku, minyoo ikaingia mwilini. Viganja vikawa vyeupe, na njia ya kisimani naipanda nahema kama bibi kizee.

Mume wangu Paluku akaliona shimo. "Nani iko nakula nyumba yangu?"

Nikamjibu, "Ni mbuzi."

Ndugu zangu, nilisema bila hata kupepesa macho! Akaziba, nikala. Akaziba tena, nikala tena. Mara ya tatu akamfunga mbuzi kamba, akaanza kunoa kisu. "Huyu iko na shetani. Kesho nitamuchinja."

Siku hiyohiyo kizunguzungu kikaniangusha pale kisimani. Paluku akanipakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, na njia nzima naomba: Bwana, na huyu usimchukue!

Sista aliyekuwa akipima wajawazito akanifunua kope la chini. "Mama, damu imekwisha. Unakulaka udongo?"

"Hapana, Sista." Paluku alikuwa amesimama palepale!

"Ukificha, nitatibu nini? Ule mutoto iko nakuomba damu, na wewe hauna."

Nikamkumbuka yule niliyemzika. Nikaangua kilio. "Mbuzi hana kosa! Ni mimi!"

Nilingoja Paluku anifokee. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia.

Bwana alinifungua siku ile! Sista alinipa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya malaria na ya minyoo. Akasema ile hamu ya udongo huja damu ikipungua, na udongo wenyewe hauiongezi. Nile maharage yangu, sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa ziwani Hamukungu, na chai nisinywe pamoja na chakula, maana inakizuia kuongeza damu. Paluku akaninunulia viatu vya shambani. Mwezi haukuisha, kilima nakipanda naimba!

Mbuzi alifunguliwa kamba. Alikufa kwa uzee wake.

Akina mama mnaobandua kuta kwa siri, mpo, nawaona mnavyoinamisha macho. Asante Yesu, mimi nilisema ukweli kabla hatujachelewa. Mwaminini, kisha nendeni mkamwambie Sista bila kuficha.

Furaha, simama mwanangu, wakuone. Ndugu zangu, huyu ndiye aliyekuwa akiniomba damu.