Mzee Hatua na Dirisha la Kuchagulia Darasa

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mzee wetu wa mapokezi atafunga daftari la usajili na kustaafu, baada ya kuitumikia shule yetu ya mbwa kwa miaka ishirini na sita na miezi minne. Katika muda huo amewachagulia madarasa mbwa elfu tisa na kitu. Yeye mwenyewe hajawahi kufuga mbwa. Ana paka, na paka huyo hajasoma darasa lolote.

Jina lake la kwenye karatasi ya mshahara wanalijua wachache. Sisi wengine tunamwita Mzee Hatua, kwa sababu kutoka getini hadi mlango wa mapokezi ni hatua thelathini na yeye huzihesabu zote. Mtu akiingia na mbwa, mzee huweka kalamu chini, husogeza pazia, hutazama. Nani yuko mbele? Kamba imekaza au imelegea? Nani anamngoja mwenzake? Mgeni anapofika mezani, darasa limeshaandikwa kwa penseli. Mgeni ataeleza shida zake dakika ishirini, mzee atatikisa kichwa kwa heshima zote, halafu atapitisha wino juu ya penseli.

Alianzia getini. Kwa miaka minne alifungua na kufunga, akawa anamwambia meneja wa wakati ule kwamba mbwa fulani hatamaliza wiki katika darasa alilopangiwa. Alipatia mara kumi na moja mfululizo. Ya kumi na mbili meneja hakutaka kuisikia, akampa kiti ndani.

Kwa wasiojua, madarasa yetu ni manne: la watoto wa mbwa, la utii, la waoga, na la vikwazo, ambako mbwa wanaruka vizuizi, wanapita ndani ya mabomba na kutembea juu ya ubao mwembamba. Picha iliyochorwa ukutani nje ni ya vikwazo, kwa hiyo kila anayekuja anataka vikwazo. Kazi ya Mzee Hatua kwa sehemu kubwa imekuwa kukataa bila kumuudhi mtu. Bwana mmoja alileta mbwa amemviringisha taulo, amempakata kama mtoto mchanga, akaomba vikwazo. Mzee akamuuliza kama mbwa ana miguu. Bwana akafunua taulo, wakahakikisha pamoja. Wakapangiwa darasa la waoga, mbwa na bwana. Mke na mume walifika wameshika kamba moja, kila mtu na amri yake. Wakapewa utii, mume Jumanne, mke Alhamisi, mbwa siku zote mbili. Mbwa alifaulu. Mume alirudia.

Waliomwomba ushauri wa kuchagua shule ya mbwa aliwaambia waje kwanza bila mbwa, wasimame nje ya uzio, wasimwangalie mwalimu maana mwalimu anajua anaangaliwa. Wawaangalie mbwa wanaongoja zamu. Mikia ikiwa imebana katikati ya miguu, washukuru, waende kwingine. Watu wawili wakaenda kwingine kweli. Jambo hilo lililetwa kwenye kikao cha wafanyakazi, na mzee akasema amelisikia.

Ningeishia hapa ingekuwa sifa tupu, lakini mwenyewe ameomba kosa lake liandikwe. Amesema lisipoandikwa, sherehe tufanye bila yeye.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya usajili, aliingia mwalimu wa michezo, mama wa miguu mirefu, na mbwa wa kahawia mwenye miguu mirefu vilevile. Walitembea hatua thelathini kama wamefundishwa na mtu mmoja. Mzee anakiri alifurahi. Akaandika vikwazo, kwa wino moja kwa moja, bila penseli.

Mbwa hakuwa wa mwalimu wa michezo. Alikuwa wa jirani yake, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, mama mwembamba ambaye siku hiyo alikuwa na gauni la bibi harusi mezani asingeweza kutoka. Huyo fundi sikio lake moja halisikii kabisa, na la pili linasikia linapotaka. Mumewe alipokuwa hai ndiye aliyemwambia mteja amefika. Mume alipofariki, kazi hiyo akaichukua mbwa. Mtu akikanyaga ngazi ya kwanza kule chini, mbwa anabweka mpaka mlango ufunguliwe. Fundi alifurahi. Wapangaji wengine, kumi na wanne, hawakufurahi. Mwenye nyumba akatoa mwezi mmoja: mbwa anyamaze au ahame. Na fundi alijua bila yule mbwa wateja watagonga, watachoka, watakwenda kwa fundi mwingine. Alichagua vikwazo kwa hesabu yake mwenyewe, kwamba mbwa aliyechoka ni mbwa aliyenyamaza.

Kwa Jumamosi mbili jirani alimleta, na mbwa akasoma vizuri sana. Jumapili ya pili alichomoka mlangoni, akaruka kizuizi cha ngazi, akaruka geti la uani, akaruka meza ya mwenye nyumba wakati familia inakula, bila kugusa sahani hata moja. Kwa vigezo vya darasa letu ulikuwa mruko safi. Mwenye nyumba hakuwa na habari na vigezo vyetu. Akasema mwezi haupungui wala hauongezeki, na siku ya mwisho anapanda na barua.

Jumamosi ya tatu jirani alikuwa amesafiri, fundi akaja mwenyewe. Mbwa alimvuta kutoka getini mpaka mlangoni kwa hatua kumi na nane. Mzee alisimama. Katika miaka niliyofagia mapokezi yale sikuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya hatua za mtu. Akamuuliza, kwa sauti ya juu ili amsikie, nyumbani kamba anaishika nani. Fundi akajibu ni yeye, kwani kuna nani mwingine. Ndipo akaeleza yote: sikio, ngazi, barua, na siku kumi na tatu zilizobaki. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mzee akamwambia mbele yao:

"Mama, nilimchagulia darasa mbwa wa jirani yako. Wako ndiyo kwanza namwona leo."

Akaenda kwa meneja akataka kosa liingizwe kwenye faili lake. Meneja akasema hakuna fomu ya kosa la namna hiyo. Mzee akaleta karatasi yake.

Kumpeleka mbwa kwenye utii kungemnyamazisha, lakini fundi naye angebaki hajui nani yuko mlangoni. Mwalimu wa utii akasema kwa siku kumi na tatu haiwezekani. Mzee akasema hana neno, ila wakutane jioni kwenye ngazi za kwa fundi. Mpango ulikuwa mbwa akisikia hatua asibweke, aende kwa fundi pale kwenye cherehani, amwekee kidevu gotini. Kila kidevu, kipande cha biskuti.

Basi kila jioni baada ya kazi tukawa wateja. Meneja alipanda na suruali. Mlinzi alipanda na viatu vya buti, akashuka, akapanda na ndala. Mwalimu wa utii alipanda akinung'unika, naye akawa mteja anayenung'unika, tukaona yafaa. Mimi nilipewa kazi ya kupanda na mwanangu, wakati huo ana miezi minane, kwa sababu kilio cha mtoto kilikuwa kinamtia mbwa wazimu. Siku tuliyomhitaji alie, hakulia. Alimcheka mbwa. Ikabidi nimnyang'anye kijiko. Mpaka wiki ya kwanza inakwisha, mbwa alikuwa bado anabweka, na mwanangu ndiye aliyefuzu: akisikia hatua anafungua mdomo, naye apewe biskuti.

Siku ya nane mbwa alibweka nusu, akajikatisha, akamtazama fundi. Mzee, aliyekuwa amekaa ngazi ya juu na penseli yake, akaweka alama. Siku ya kumi kidevu kilifika gotini mara sita kati ya kumi. Siku ya kumi na mbili, mara tisa. Mara ya kumi alimbwekea meneja. Mzee alimuuliza meneja alikuwa amevaa nini. Alikuwa amevaa kofia. Mbwa akasamehewa.

Siku ya kumi na tatu hatukumaliza mazoezi. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za kwenda ghorofa ya nne, mtoto amelala mgongoni, mzee kando yangu, tukasikia mtu anapanda. Hakuwa wa kwetu. Ni mwenye nyumba, na barua mkononi. Alipanda akijikohoza kwenye kila kona, nadhani alikuwa anangoja kubwekewa ili akasirike vizuri. Ghorofa ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ndani tulisikia cherehani inakata mwendo, halafu kiti kinasogea. Mwenye nyumba alinyanyua mkono agonge, mlango ukafunguka.

Fundi alikuwa amesimama, futi ya kupimia iko shingoni. Mbwa alikuwa nyuma yake, amejilaza chini.

Mwenye nyumba akauliza, "Umejuaje nimefika?"

"Nimeambiwa," fundi akasema. "Karibu."

Mwenye nyumba akamtazama mbwa. Akaitazama barua. Akaikunja akaitia mfukoni, halafu akauliza kupunguza suruali mbili kunachukua siku ngapi. Mzee kando yangu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

Tangu hapo, kabla ya swali lolote kwenye usajili, tunauliza nani anashika kamba kila siku, na huyo ndiye tunayemtaka aje atembee. Swali hilo ni lake. Mwanadada atakayekaa kwenye kiti chake ameshafundishwa mwezi mzima, na wiki iliyopita amekataa vikwazo kwa watu saba bila mtu kununa.

Fundi cherehani bado yuko ghorofa ya tatu, na wateja hawapungui. Suti atakayovaa mzee Ijumaa imeshonwa huko. Mwenye nyumba ndiye aliyeileta hapa mapokezi, ameikunja mkononi, akatuambia tuishike vizuri, isipate manyoya.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote uliyotuangalia kabla hujatusikiliza, na kwa siku kumi na tatu ulizotuonyesha mtu anavyolibeba kosa lake mpaka linyooke. Mwanangu sasa anakaribia miaka minne. Nimemwambia wewe ndiye babu yake wa kwanza wa kazini, naye amekubali bila masharti. Tunakuombea uzee mtulivu, miguu isiyochoka, chai isiyopoa mezani, na asubuhi ambazo hakuna mtu yeyote anayekuja kukuomba vikwazo.