Tarumbeta la Mzee Kalinga

Mwaka 1974, kwenye basi la kwenda Mbeya, mbele yangu aliketi mzee Kalinga amepakata tarumbeta. Alikuwa akimweleza mama aliyeketi kando yake, Kashindye, kwamba anakwenda kulirudisha kwenye bendi ya kanisa kwa kuwa meno ya mbele yamemtoka na hawezi tena kulipuliza.

“Ndiyo bendi iliyokuja kumzika mume wangu kule Rujewa?” mama akauliza. “Tulikuwa wageni kutoka Shinyanga, hatuna ndugu. Mlipiga kwenye mvua mpaka kaburi likafukiwa. Nashukuru sana, baba.”

“Siku ile nilikosea mno, mwanangu.”

“Mimi sikusikia kosa. Usiache bendi. Piga hata ngoma.”

“Ngoma ina mpigaji wake tayari,” mzee akasema, ingawa sauti ilikuwa imelegea.

Basi likasimama njia panda ya Rujewa. Kabla ya kushuka, Kashindye akamshika mzee mkono, akapiga goti la shukrani palepale katikati ya viti, na kondakta, kwa mara ya kwanza tangu Iringa, akangoja bila kugomba.