Ulimi wa Nazzareno

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na saba na miezi minne, Nazzareno Fabbrizi anavua koti lake la kazi katika makumbusho yetu ya Poggio Sant'Elmo. Mimi Iride, mkata tiketi, nimeombwa niandike habari zake kwa adabu. Nitajitahidi.

Aliajiriwa kufagia. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa anaunga vigae vya vyungu vya Waetruski, watu wa kale wa Italia yetu, kuwashinda waliosomea, na maandishi ya Waetruski hao, yanayoanzia kulia, aliyasoma kama mtu asomaye habari za mpira. Kila chombo alikipima kwa kukilamba. Alisema udongo wa kale hunata ulimini. Watoto wa shule walishangilia, daktari wake alikata tamaa.

Mwaka wake wa kumi na tisa ilikuja barua ya serikali: tusipokuwa na walau andiko moja kamili, makumbusho yatafungwa na vitu vyote vihamishiwe mjini. Sisi tulikuwa na vipande tu.

Wiki moja kabla ya wakaguzi kufika, tukakuta sanduku mlangoni, halina jina. Ndani mna bakuli jeusi, zima, limechorwa kwa Kietruski: "Mimi ni wa Ramtha." Tulipiga vigelegele! Wakaguzi wakazikagua herufi, wakaridhika, kalamu ikatolewa. Nazzareno naye, mazoea yana tabu, akalilamba.

Uso ukamshuka. Halikunata. Tena lilikuwa na ladha ya kahawa yenye anisi, ileile anayoinywa kila Jumapili kwa baba mkwe wake, mzee Olinto, mfinyanzi, ambaye alikuwa amesimama palepale na tai shingoni. Angenyamaza, tungepona sote. Akasema, "Samahanini, waheshimiwa. Hili limechovywa kahawa lionekane la kale, na jiko ilikopikwa nalijua."

Mzee akawaka. "Mjinga we! Mimi nahangaika kukuokolea kazi, wewe unanianika mbele za watu!"

Mkaguzi mmoja, mama mpole, akamuuliza: wewe usiyejua neno hata moja la Kietruski, herufi sahihi hivi umezitoa wapi?

"Kwenye bakuli la kuku," akajibu mzee, bado amefura.

Loo, tulivyokimbia hadi uani kwa mzee! Tulimkuta jogoo anakunywa katika bakuli kuukuu, zima, lenye maneno yaleyale ya Ramtha. Nazzareno akamwaga maji, akaliweka bakuli juani, na wakaguzi wakangoja wamekalia ndoo mpaka likakauka. Kisha akalamba. Nilimwona analia huku ulimi umenata.

Bakuli hilo la kuku limo ndani ya kabati la kwanza mpaka leo, nami bado nakata tiketi. Mzee Olinto alimnunia mkwewe miaka miwili mizima.

Nazzareno, asante. Ulikuwa radhi ukose kazi, na mezani kwa mkweo ukose kiti, kuliko utuachie uongo ndani ya kioo. Nenda kapumzike, ule ushibe, afya isikupungukie. Wenzangu wameniagiza nisilie kwenye sherehe. Wamechelewa, nimeshaanza.