Dawa ya Ng'ombe Kwenye Kidonda Changu

Ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Ninachokuja kusema hapa mbele ya kanisa ni ujinga wangu mwenyewe, na nimeamua kuusema wote, hata kama mama watoto anacheka hapo nyuma.

Mnajua nafuga ng'ombe hapa Karurumo. Mwaka jana, asubuhi moja nikikama, tumbo lilinikaza hadi nikaangusha ndoo. Hospitalini wakasema utumbo umejisokota, lazima nipasuliwe siku hiyo hiyo. Kabla ya upasuaji, nesi alinidunga dawa kwenye mshipa. Akaniambia, "Mzee, hii ni ya kuzuia vijidudu vya utumbo visishike kidonda. Lazima iwe kwenye damu kabla ya kisu." Niliitikia tu. Nilikuwa nawaza mazishi yangu.

Upasuaji ulienda vizuri. Kidonda kilikuwa kikavu, nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini nawaambia ukweli, nilitoka pale nimekasirika. Nilipewa vidonge vya maumivu peke yake.

"Na dawa ya vijidudu?" nikamuuliza nesi.

"Kwako ile sindano imetosha. Wewe weka kidonda safi, usikiguseguse. Ukiona joto au usaha, rudi mbio."

Nikasema moyoni, mtu mzima apasuliwe tumbo, apewe sindano moja? Hata ng'ombe wangu akikatwa na waya anadungwa siku tatu!

Basi nikajifanya daktari. Nyumbani kulikuwa na ile dawa ya buluu ya kupuliza, ya vidonda vya ng'ombe. Sisi wafugaji tunaiamini kabisa, msijifanye hamjui. Nilitoka zizini, mikono hata sijanawa, nikafungua bandeji, nikapuliza. Kesho yake tena. Mama watoto akauliza, "Baba, wamesema uguse hapo?" Nikamwambia aniache, mimi nimetibu ng'ombe miaka ishirini.

Siku ya nne kidonda kilivimba, kikatoa usaha, na mwili ukawaka moto. Nikarudi hospitalini nikitetemeka. Nesi yule yule akafunua bandeji, akaona ule ubuluu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nani?"

Ndugu zangu, nilitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini nikamwangalia, nikaona huyu mtu anataka kuniokoa na mimi namficha. Nikasema, "Ya ng'ombe. Na nilikuwa nimetoka zizini."

Hakunicheka. Alimwita daktari, wakafungua kidonda, wakakisafisha huku nikiuma shuka. Daktari akaniambia wazi kwamba ningechelewa kidogo tu, ule uchafu ungeingia kwenye damu, na hapo si wengi wanaorudi. Niliogopa sana, na niliona aibu.

Kidonda kilioshwa kila siku kwa wiki saba. Hapo nikakaza roho. Zizini sikukanyaga. Mlipokuja kuniona, wengine mlitaka kuniwekea mikono juu ya tumbo mkiomba, na mikono imetoka shambani. Nikawa nasema, nawa kwanza. Mkasema ugonjwa umeniletea maringo. Nilisikia! Lakini sikulegeza.

Leo kidonda kimefunga. Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi aliyeuliza swali la pili. Namshukuru mama watoto, aliyekama, akachemsha maji, na hakunikumbusha hata mara moja kwamba alinionya. Na somo langu ni hili: dawa ya kuzuia ina wakati wake na kipimo chake. Kama hujaelewa, muulize aliyekutibu, usijiongezee nyumbani. Na kama umeshakosea, sema yote, tena haraka.

Najua dada yetu mmoja hapa anapasuliwa Jumatano. Tutamwombea, na tutamtembelea. Lakini siku atakayorudi nyumbani, mimi nitakuwa mlangoni kwake na jagi la maji na sabuni, na hakuna atakayepita na mikono michafu. Hata wewe, mchungaji.